Kumi na Minane ya Koplo

Jumatano usiku nilikuwa kwenye benchi la kaunta ya kituo kimoja cha polisi hapa Dar. Sikitaji, bado naishi mtaa huu huu. Juu ya kichwa cha afande kuna bango: DHAMANA NI HAKI YAKO, NI BURE. Wa kucheka wacheke.

Kilichonipeleka ni mtoto wa jirani, yuko kidato cha pili. Simu ya mtu imepotea kijiweni kwa bodaboda, waliokuwepo wakazolewa wote, na yeye aliyetumwa vitunguu akazolewa na vitunguu vyake. Sasa yuko ndani na wanaume kumi na kitu na ndoo moja.

"Afande, huyu ni mtoto. Ana miaka kumi na mitano."

Koplo akanigeuzia kitabu. Umri: 18.

"Nani kakwambia kumi na nane?"

"Si unamwona, kaka? Ana ndevu."

Ndevu zenyewe nilizihesabu baadaye. Hazifiki saba.

Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009, ukiisoma, unaweza kutoa machozi kwa uzuri wake. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hachanganywi na watu wazima mahabusu. Kesi yake inakwenda Mahakama ya Watoto, faragha, mzazi yupo, afisa ustawi wa jamii yupo. Akikutwa na hatia hahukumiwi kifungo jela. Kuna kuachiwa kwa masharti, kuna uangalizi, na ikibidi sana kuna shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya. Aliye chini ya miaka 10 hashtakiki kabisa, na wa chini ya 12 mpaka ithibitishwe kwamba alijua analofanya ni kosa. Mtu mzima naye ana yake: saa 24, wadhamini, barua ya mtendaji, mengine mnayajua kuliko mimi.

Yote hayo yananing'inia kwenye tarakimu mbili, na tarakimu hizo anaziandika koplo kwa kuangalia kidevu.

Maana akishaandika 18, nani atampigia simu afisa ustawi? Wa nini? Hati ya mashtaka inanakili kitabu, jalada la mahakamani linanakili hati. Hakimu ana rundo la mafaili asubuhi hiyo, anasoma 18, na aliyesimama kizimbani anatetemeka, hajui kwamba umri wake ndio utetezi wake wa kwanza. Mahakama ina wajibu wa kuchunguza umri pakiwa na shaka, sawa. Shaka itoke wapi wakati karatasi tatu zinakubaliana? Zote tatu zimezaliwa na kidevu kimoja!

Haya, nikiri, ingawa shingo upande. Kuna mijibaba ya miaka ishirini na mbili ikikamatwa inageuka ya kidato cha kwanza. Ipo, nimeiona. Na vyeti vya kuzaliwa wengi hatuna. Kampeni ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, ya kusajili watoto wa chini ya miaka mitano imewafaa zaidi wadogo wa vijana kama huyu. Mimi mwenyewe nina umri wa aina mbili, wa mama na wa mwalimu mkuu aliyenipunguza miaka miwili ili nirudie la saba. Nchi hii umri ni makubaliano. Uwanjani unashuka, timu za vijana zina baba wa watoto wawili, kituoni unapanda. Lakini mwenye mashaka mbona kila mara anakosea kwa kuongeza? Mbona hakuna koplo aliyewahi kumwona jitu zima akasema, huyu naona kama kumi na sita, nipigie ustawi?

Ningekuwa na uwezo ningeongeza safu moja tu kwenye kitabu kile, pembeni ya umri: umejuaje? Cheti, kadi, kauli ya mzazi, au kidevu. Aandike, asaini. Haihitaji semina wala posho.

Mama wa yule mtoto alirudi saa nne kasoro na kadi ya kliniki kwenye mfuko wa nailoni. Kona moja imeliwa na mende, lakini ule mchoro wa uzito bado una vidoti vya kalamu ya nesi, vinapanda, vinapanda, mwezi wa tisa vinashuka. "Hapo aliugua surua," mama akamweleza afande, kana kwamba ameulizwa. Koplo akaisogeza kadi karibu na taa, akahesabu kwa vidole. Akapiga mstari juu ya 18, akaandika 15 pembeni, akamwambia mama asaini dhamana. Pole hatukuisikia.

Asubuhi nilimkuta mama kwenye duka la steshenari anatoa kopi nne za kadi. Moja ni ya kijana, aitie mfukoni akitumwa vitunguu.