Utakatifu wa Mjomba

Kamera yangu ni Zorki-4, ya Kirusi, iliyotengenezwa Krasnogorsk, nje kidogo ya Moscow. Namba yake inaanza na 67, na kwa kamera hizi tarakimu mbili za mwanzo ndizo mwaka, kwa hiyo ni ya 1967. Marehemu baba alirudi nayo kutoka masomoni, yeye na koti moja zito ambalo Moshi lilikosa kazi mpaka likaliwa na nondo. Kamera haina betri, haina kipima mwanga, wala haijui kubembeleza. Spidi ya kufyatulia huruhusiwi kuigusa kabla hujavuta mkanda wa filamu. Ukiigusa unaweza kuua mashine. Mganga mwenyewe hana masharti hayo.

Kulenga nako kuna mambo yake. Huchungulii kwenye lenzi, unachungulia kidirisha cha juu yake, na katikati ya kidirisha mtu unayempiga anaonekana wawili. Unazungusha lenzi polepole mpaka wale wawili waingiane, hapo umempata, unafyatua. Kwa mtu mwenye akili zake timamu ni raha tupu. Kwa mjomba wangu, siku ya kipaimara cha mtoto wa dada, ilikuwa kesi.

Ilikuwa Kibosho, mlimani juu ya Moshi, mwanzoni mwa Oktoba. Mpiga picha aliyekodiwa alikula advansi akazima simu. Simu za watu zilikuwepo, lakini dada alitaka picha za kutundika ukutani, akanigeukia: "Si una ile kamera ya baba? Leo na yenyewe ifanye kazi." Nikaweka mkanda wa picha 36, mweusi na mweupe. Asubuhi kanisani nikampiga Baba Askofu, watoto na mavazi yao meupe, wasimamizi wameweka mikono begani. Hakuna la kusimulia. Tukarudi nyumbani.

Nyumbani mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeiva, machalari yanafuka, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, yuko mezani amebana majani mdomoni. Mjomba alishafika kwenye zile kata ambazo hazihesabiwi tena.

"Mjomba," akaniita, maana na yeye huniita hivyo hivyo, "hebu lete hiyo mashine ya shemeji yangu niione."

Nikampa. Kumnyima mjomba kitu mbele za watu ni kujitafutia maneno mpaka Krismasi. Palepale nikaitwa getini kupokea kreti za soda.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Alizungusha kila kilichokubali kuzunguka, akafumba jicho moja, akaielekeza kwenye viti vya wazee. Pale alikaa jirani yetu mmoja anayemdai hela ya ndama tangu enzi. Mjomba akachungulia. Akaitoa kamera usoni, akatazama kwa macho yake: mdai ni mmoja. Akachungulia tena: wawili, wamebanana, wote wanamtazama yeye.

"Yesu na Maria," akasema, "wameongezeka."

Akailaza kamera chali mezani, lenzi inatazama mbinguni, akaenda zake kulala mgombani.

Sasa, mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita huku kwetu linapita utosini hasa, hata kivuli chako mwenyewe unakikanyaga. Kamera ikalala pale inatazamana na jua mpaka nilipomalizana na watu wa soda. Nikaipangusa, nikarudisha vipimo vyangu, nikafyatua ile picha iliyokuwa inasubiri. Mlio ulikuwa ule ule. Nikaendelea na kazi: shangazi na wanakwaya wenzake, wakwe, ndafu kabla hajakatwa.

Mjomba alipoamka akataka yake peke yake. Nikamkalisha upande wa kushoto ili migomba ionekane vizuri kulia, nikavuta mkanda, nikamlenga. Akasema ngoja, tai imepinda. Nikasubiri. Ngoja, kofia. Akaenda kuitafuta kofia, akarudi nayo, akakumbuka fimbo. Mimi nimesimama palepale, lenzi wazi, nalenga kiti kitupu. Mwishowe akaketi, akajitutumua, nikafyatua.

Picha huwa nasafisha mwenyewe, bafuni, kwa kahawa. Msicheke. Kahawa ya unga ile ya kuyeyuka, magadi soda na vitamini C, vinatoa picha vizuri kabisa; kinachobaki ni dawa ya kuigandisha isifutike, hiyo lazima ununue. Na arabika yetu ya mlimani, ile tunayojivunia, haifai kwa kazi hii kama ile rahisi yenye robusta. Neno hili usilitamke Kibosho mbele ya mzee mwenye shamba.

Mkanda ulipokauka kwenye kamba ya nguo nikazipiga picha kwa simu, nikageuza weusi kuwa weupe, nikazituma kwenye kundi la familia bila kuzikagua sana. Za kanisani safi. Iliyokuwa inasubiri mezani imeungua, haina hata mtu. Za nyumbani baada ya hapo, kila moja ina duara jeupe linalong'aa, juu, upande wa kushoto. Kwa wanakwaya lilitua kichwani kwa shangazi. Kwa wakwe, kichwani kwa mama mkwe wa dada. Kwa ndafu, kichwani kwa ndafu. Na kwa mjomba lilikuwa kubwa kuliko yote, limeizunguka kofia nzima hadi masikioni.

Kundi likanyamaza. Kisha ikaingia sauti ya shangazi, inalia: "Roho Mtakatifu! Siku ya kipaimara! Jamani, tumetembelewa!"

Shemeji mmoja, mtu wa hesabu za benki, akauliza mbona kanisani kwa Baba Askofu hakuonekana, akaonekana kwenye mbege. Shangazi akamjibu kwamba kanisani Roho alikuwa kazini, nyumbani alikuja kula nasi. Mjomba naye akaandika, na si kawaida yake kuandika bila kuomba kitu: "Hata Pentekoste ilitokea nyumbani kwa watu. Na waliambiwa wamelewa. Petro ndiye aliyewatetea kwamba ni saa tatu tu asubuhi."

"Na wewe ilikuwa saa ngapi?" shemeji akauliza.

Hakujibiwa. Mtu mwingine akauliza kuhusu ndafu, kama ina maana tumekula mtakatifu. Huyo naye hakujibiwa.

Nilishuka mjini na kamera kwa fundi saa mmoja anayekaa barazani, si mbali na Mnara wa Saa. Akatoa lenzi, akatoa mgongo, akavuta kama vile kuna mkanda ndani, akaielekeza kwenye taa yake ya mezani. Akaweka kile kioo chake jichoni. Akaguna. Akanipa nami nitazame: kwenye pazia jeusi, katundu kadogo kanang'aa. Wembamba wa ncha ya sindano, kingo zake zimekunjamana.

"Hii imeungua," akasema. "Uliilaza juani?"

Kumbe ndivyo zilivyo kamera za namna hii. Zile za kisasa kidogo, zenye kioo ndani, jua likiingia linakikuta kioo kwanza. Hizi zetu hazina kizuizi: nyuma ya lenzi ni pazia moja kwa moja, kitambaa chembamba kilichopakwa mpira, na lenzi inakusanya jua pale kama watoto wanavyochoma karatasi kwa kioo cha kukuzia. Ndiyo maana kifuniko cha lenzi si pambo. Baada ya hapo, kila ukivuta mkanda, tundu linachuruzisha mwanga kwenye filamu mpaka utakapofyatua. Ukifyatua haraka, unapata kiduara. Ukimsubiri mtu afuate kofia na fimbo, unapata mtakatifu.

Nikaandika haya yote kwenye kundi, kwa adabu, na picha ya tundu nikaweka. Mjomba hakusema kitu. Shangazi akapiga simu.

"Hiyo kamera wametengeneza wakina nani?"

"Warusi, shangazi."

"Enzi zile walikuwa wakomunisti?"

"Ndiyo."

"Walikuwa wanamwamini Mungu?"

"Serikali yao haikuwa inaamini, shikamoo shangazi, lakini tundu…"

"Marahaba. Basi hata kamera ya wakomunisti imekiri, wewe ndiye unayebisha." Akakata.

Tangu hapo mambo ya mjomba yakanyooka. Picha yake ikachapwa kubwa, ikatundikwa sebuleni, na mtu akiingia anaonyeshwa hiyo kabla ya kukaribishwa kiti. Akaacha kukopa, siku hizi anapokea sadaka. Katekista alipoombwa maoni alitazama muda mrefu, akasema tusiharakishe, akaomba atumiwe nakala. Yule jirani wa ndama ndiye aliyenishangaza. Nilimkuta njiani nikamuuliza kama amelipwa, akashusha sauti: "Nitamdai vipi mtu mwenye mwanga ule?"

Mimi kamera yangu naitaka nzima. Fundi alidondoshea tundu lile rangi nyeusi ya kitambaa, upande huu na upande huu, kwa ncha ya kijiti, ikakauka, ikapona. Desemba, Wachaga wote wamerudi nyumbani, kukawa na ubatizo. Nikapiga mkanda mzima. Nikasafisha. Picha safi, kali, lenzi yake ile, Jupiter-8, imetoa mpaka nyuzi za kanga. Nikazichapa nikazipeleka mwenyewe, kifua mbele.

Shangazi alizipitia zote. Akazirudia. Akazigeuza akatazama na nyuma.

"Yuko wapi?"

"Nani, shangazi?"

"Usinifanye mtoto. Roho yuko wapi?"

Nikamweleza kwamba tundu limezibwa. Sebule yote ikanyamaza.

"Umemziba?"

Wakaanza kuniuliza mara ya mwisho niliungama lini. Mke wa shemeji, ambaye alishaniwekea oda ya komunyo ya mwanawe "kwa ile kamera yenye Roho", akataka kujua kama bila Roho bei inashuka. Na yule jirani alikuwepo, amezishika zile picha safi, anamtazama mjomba kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu Oktoba.

Mjomba naye aliliona. Akaweka kata chini, akakohoa.

"Jamani, msimwonee mtoto," akasema. "Mjomba, hebu nipe hiyo kamera niishike kidogo, kama siku ile. Atarudi."

Wote wakageuka kunitazama, shangazi ameshanyoosha mkono. Na kinachoniudhi ni kwamba hakosei.