Chupa ya glasi inarudi dukani, ya plastiki inaishia mtaroni

Ukienda kununua soda ya glasi hapa Nairobi, swali la kwanza la mwenye duka ni "uko na chupa?" Kama huna, unaacha pesa ya chupa, kesho ukirudisha unapewa pesa yako. Tumekua nayo hiyo na hakuna mtu alihitaji semina kuielewa, ndio maana ni nadra uone chupa nzima ya soda imetupwa kwa mtaro. Lakini ya plastiki ikitoka tu mkononi imeisha, mvua ikinyesha unazikuta zimeziba pale mtaro unaingia chini ya barabara na maji yanatafuta njia kwa nyumba za watu.

Sheria si ati hatuna. Ile ya usimamizi wa taka ya 2022 inasema anayetengeneza bidhaa ndio abebe jukumu la taka yake, na kanuni zake zikatoka 2024, sasa kampuni inajisajili na NEMA, ile mamlaka ya serikali ya mazingira, na kuchangia kazi ya kukusanya. Ni hatua kubwa, sibishi. Shida ni kwamba mimi nikinunua maji leo sina sababu yoyote ya kurudisha chupa. Wabunge warudi kwa hiyo sheria waweke pesa ya chupa kwa plastiki na mikebe pia.

Kuna mama huwa namwona Kariobangi anachambua chupa. Anatoa kifuniko, anararua lebo, anakanyaga, anatupa kwa gunia. Analipwa kwa kilo, na chupa ya nusu lita ni gramu 20 hivi ama hata chini ya hapo, kwa hivyo kilo moja ni chupa 50 na zaidi, gunia linamshinda urefu lakini likifika kwa mizani ni kama halina kitu. Tuseme kila chupa ingekuwa na shilingi 5 ndani yake: hizo 50 ni 250.

Sasa upande wa pili, na hawa watu si wajinga. Kijana anayeuza maji kwa jam akichukua chupa 24 atatoa 120 zaidi kabla hajauza hata moja, na hiyo kwake ni pesa ya chakula. Mwenye kibanda atauliza magunia ataweka wapi, na ni kweli hana pahali. Halafu kuna wizi, mtu analeta lori la chupa kutoka ng'ambo ya Busia ama Namanga anadai pesa ambayo hakuna mtu aliacha, kwa hivyo lazima chupa zetu ziwe na alama na alama ni gharama. Na baada ya ushuru wa mazingira uliokuwa kwa Finance Bill ya 2024 watu wakisikia neno mazingira wanashika mfuko, mimi nawaelewa, ila ushuru haurudi na hii inarudi.

Hilo la kibanda naona linatatulika, supermarket zilazimishwe kupokea, vibanda viachwe huru, na wakusanyaji wawe na vituo vya kurudisha magunia mazima yakihesabiwa kwa chupa, si kwa kilo.

Kitu kinaniogopesha zaidi ni sheria kuandikwa halafu igande. Massachusetts huko Marekani walianza na senti 5 mwaka 1983 na mpaka leo ni senti 5, tena ni ya bia na soda, maji ya chupa hayamo, na 2014 wapiga kura wakakataa kuongeza vinywaji vingine. Oregon, walioanza 1971, baadaye waliandika kwamba chupa zinazorudi zikiwa chini ya asilimia 80 miaka miwili mfululizo, pesa inapanda yenyewe. Zikashuka hadi 64, 2017 ikawa senti 10, na chupa zikapita 80 tena. Sisi tuandike hivyo hivyo, kwa sababu shilingi 5 ya leo haitakuwa kitu miaka kumi ijayo.

Na ile pesa ya chupa ambazo hazikurudi isibaki kwa kampuni. Michigan asilimia 75 yake inaenda kwa kazi ya kusafisha mazingira na 25 kwa wenye maduka, hapa kwetu sehemu ya wenye maduka ningeipeleka kwa hivyo vituo vya Kariobangi, Dandora na Mukuru, na iandikwe kwa sheria yenyewe, si kwa kanuni ambazo waziri anaweza kubadilisha.