Mbizi Nipige Mimi, Ufunguo Akae Nao Nani?

Jumapili tumerudi kutoka kisiwa cha Mbudya jioni, chumvi bado masikioni, nikakaa nihamishe mbizi mbili za siku ile kutoka kwenye kompyuta yangu ya mbizi, kile kifaa cha mkononi kinachorekodi kina na muda ukiwa chini ya maji. Programu ya watengenezaji ikajisasisha kwanza (bando langu, si lao), ikataka nifungue akaunti upya, nikakubali masharti ambayo hakuna binadamu amewahi kuyasoma, kisha ikanijibu: kifaa hiki hakitumiki tena. Hakitumiki! Asubuhi hiyohiyo kilikuwa mkononi mwangu kikinihesabia dakika za kukaa chini bila kukosea. Nikawaandikia. Wakanishauri ninunue kipya. Asanteni sana.

Kina, muda, joto la maji, vyote vilivyorekodiwa kila baada ya sekunde chache, ni vyangu. Aliyekuwa kule chini ni mimi, hewa niliyovuta niliilipia mimi. Kumfungia mtu kumbukumbu zake nyuma ya akaunti ni sawa na seremala kukuuzia kabati halafu ufunguo abaki nao yeye. Ukitaka shati, umpigie simu. Na siku akifunga karakana? Humo ndani kuna mbizi ya mwisho niliyopiga na rafiki yangu ambaye hatunaye tena. Dakika 41. Ni mstari tu unaoshuka na kupanda, najua. Lakini sitauomba kwa mtu.

Basi nikafukua kwenye droo Raspberry Pi yangu, kikompyuta cha bodi moja kinachoenea kiganjani, nikaijengea Subsurface. Hiyo ni programu huria aliyoianzisha Linus Torvalds, yuleyule wa Linux, mwaka 2011, maana naye ni mzamiaji. Ndani yake kuna libdivecomputer, inayojua lugha za makabila mengi ya kompyuta za mbizi, hata vikongwe kama changu. Nikachomeka waya. Ikagoma: huna ruhusa. Saa nzima nautukana waya wa Kariakoo, na aliyeniuzia, kumbe jina langu halikuwemo kwenye kundi la dialout, yaani watumiaji wanaoruhusiwa kuongea na vifaa vya waya kama hivi. Amri moja, nikatoka, nikaingia upya, mbizi zikaanza kudondoka mojamoja, taratibu kama bomba la mtaani kwetu. Lakini zikaja zote. Hakuna nywila, hakuna bando.

Mtasema laptopu si ingetosha? Laptopu yangu kwenye boti, na lile rashasha la maji ya chumvi? Thubutu.

Haya, nakubali shingo upande: kompyuta mpya za Bluetooth hutuma kwenye simu bila waya, na asiyependa kuandika amri atanilaani. Tena ukikatia kikompyuta hiki umeme ghafla, memori kadi inaweza kuharibika. Kwa umeme wetu huu, pawabenki ni lazima.

Juzi nimepanda nacho botini, kimo ndani ya kopo la plastiki la chakula. Nahodha akakikodolea macho.

"Dogo, redio hiyo inashika stesheni gani?"

"Si redio, mzee. Inasoma mbizi zangu."

Akataka aone ya Jumapili. Nikamwonyesha kwenye simu niliyoiunganisha na kikompyuta, najidai. Akaisogeza mbali kidogo, akakunja macho.

"Mita 17.8," akasoma. "Mbona uliniambia ishirini na tano?"