Nimelipa hela ili nipakwe ukahawia

Jamani leo naomba niseme maana nikinyamaza nitapasuka. Hapa Dar ukiwa na meno ya kahawia kama yangu huna siri. Nafungua mdomo niulize bei ya nyanya, mama wa watu hajanijibu bei, ananiuliza "kaka wa Arusha eeh?" Sijataja kabila, sijataja kijiji, lafudhi yenyewe niliiacha Chalinze miaka 19 iliyopita. Stendi ya Magufuli pale Mbezi nilipiga miayo, miayo tu bana, wapiga debe watatu wakanidaka begi, "Arusha hiyo, siti ya dirishani mzee!" Na mimi nilikuwa naenda Morogoro.

Nimezaliwa Maji ya Chai, Arumeru. Sasa na jina lenyewe lilivyo ulitegemea nini. Maji yanashuka Mlima Meru, volkano ile, yanapita kwenye mawe yake yanabeba floridi, yale madini yakizidi yanatia meno ukahawia, sisi tumekunywa hayo tangu uji wa kwanza, juu yake bibi anatia magadi kwenye makande yaive upesi, kumbe na magadi nayo yana floridi yake. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwenye lita moja, sisi Tanzania kwa miaka mingi tukajiwekea 4, yaani hadi kwenye hilo tulijipa nyongeza. Na usidhani hakuna aliyehangaika, pale Ngurdoto jirani yetu kuna kituo cha utafiti wanachuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, mifupa inanasa floridi, sikutanii. Ila mimi wamenikuta nimeshaota meno.

Na hapo ndio penye uchungu wangu, watu wanadhani sipigi mswaki. Napiga! Asubuhi na usiku! Lile doa linaingia jino likiwa bado limejificha ndani ya fizi, mtoto hata darasa la tatu hajafika, kwa hiyo likichomoza linachomoza na rangi yake kamili kama kanga. Mdogo wangu alichukuliwa na shangazi akalelewe Bukoba akiwa na mwaka mmoja, leo meno yake meupe kama tui la kwanza, na huyo usiku hagusi mswaki namjua vizuri.

Haya, nilishazoea. Tatizo nikaja kuvunja jino la mbele. Usiniulize. Haya bana, soda. Nilifungua soda kwa meno, kizibo kikatoka na kona ya jino. Na mwisho wa mwezi kulikuwa na harusi ya shemeji, na mama watoto ni mtu wa Tanga, ana meno ya kwenye kalenda.

Washauri sasa. Kijana wa spea, duka la pili na langu, akasema mkaa wa kusaga. Nikapaka wiki mbili, sinki nyumbani likawa kama jiko la mchoma mahindi, fizi nyeusi, meno yale yale. Mama ntilie akasema limao na magadi soda. Siku ya nne nakunywa maji ya baridi naona nyota mchana, kumbe limao linalainisha lile gamba la juu halafu wewe mwenyewe unalisugua litoke. Halafu tena magadi, jina hilo hilo! Nikaagiza mtandaoni yale meno ya bandia ya kuvalisha juu kama kava ya simu, elfu kumi na tano, nikatamka "silinda sita" mteja akajifuta uso. Mchana nikayaokota kwenye tonge la ugali.

Ndio nikaenda kwa daktari. Binti mdogo, akaniamkia shikamoo. Nina miaka 42! Kaniumiza kabla hata ya sindano ya ganzi.

Nikamwambia dokta nataka meno. Akasema kuyasafisha tu haisaidii, kunatoa ugaga na madoa ya chai, yako yako ndani. Kung'arisha kwa dawa ya peroksaidi? Akasema kwa kahawia iliyokolea hivi itafifia kidogo tu, na zile sehemu nyeupe zitazidi kuwa nyeupe, yaani nitakuwa twiga aliyefuliwa. Kukwangua juu kwa asidi na unga ni kwa doa la juu juu, langu halina habari hiyo. Basi vinia. Ni kigae chembamba cha kaure kinabandikwa mbele ya jino, ila kwanza anakwangua kama nusu milimita, na hicho kilichokwanguliwa hakirudi, miaka 10 au 15 unarudi kubadilisha. Laki tano na nusu. Nikasema sawa. Akasema jino moja. Akanihesabia yanayoonekana nikicheka, kumi. Nikaacha kucheka. Bima? Bima wanasema huo ni urembo. Mimi! Urembo!

Kuna na kofia, jino linachongwa pande zote linabaki kisiki halafu linavalishwa. Wengi wanaoenda kutengeneza meno Uturuki wakarudi na meno yanayogonga bluu, kama shati la sare lililozidishiwa blu, humo ndani ni visiki vimepangana. Nikasema hapana dokta, babu yangu alikufa na meno yake yote, ya kahawia lakini yote.

Mwisho nikaomba anizibie ile kona tu, kwa ile kompoziti, plastiki ngumu ya kuzibia meno, bei ya binadamu, japo nayo inaweza kumeguka na kushika rangi baada ya miaka kadhaa. Akatoa kadi ya rangi. Vijino 16 vimepangwa kwenye kibao, A1 mpaka D4, ananishikizia kimoja kimoja mdomoni kama fundi rangi anavyopima ukuta. Kimya. Akamwita mwenzake. Wanachungulia wote wawili, mwenzake akawasha na tochi ya simu. Yangu haimo! Dunia nzima imekaa ikachagua rangi 16 za meno ya binadamu na ya Maji ya Chai haimo hata moja.

"Sasa kaka," (shikamoo imeisha, kaona nateseka) "nikiweka nyeupe iliyopo itakaa peke yake kama taa moja ya bajaji. Au nichanganye rangi nikupakie ukahawia ufanane na mengine."

"Na huo ukahawia ni bei gani?"

"Unaongezeka kidogo, ni kazi ya mkono."

Nikalipa. Mimi, niliyeunywa bure mtoni utoto wangu wote, nimelipa laki na ishirini niwekewe. Dakika hamsini binti ana kibrashi kama unywele, anachora mstari, anarudi nyuma anatazama, "hapa kulia kuna kama kawingu," anaongeza kawingu, anagandisha kwa taa ya bluu, anachora tena. Akanipa kioo. Wallahi sikulijua jino lipi. Nyumbani mama watoto kaniinua kidevu mpaka kwenye balbu, akasema pengo limeenda sawa, na hayo mengine lini?

Harusi tukaenda, mpiga picha "cheka mzee, cheka," nikacheka, hela yangu ile. Juzi picha zikaja. Kijana katung'arisha ukoo mzima kwa kompyuta, bure, hakuombwa na mtu, na mimi nimo, meupe pee, kawingu kangu hakaonekani.

Nikamtumia mama kule nyumbani. Akajibu kwa sauti: "Picha nimeiona mwanangu, mkeo kapendeza sana. Huyo mwanaume aliyemshika mkono ni nani?"