Oracle Inaponunua Kampuni, Hununua Nini Hasa?

Wanaoilaumu Oracle, kampuni kubwa ya Marekani ya programu za kompyuta, kwa kumeza wenzake huanza na PeopleSoft, iliyouza programu za mishahara na wafanyakazi, na si bure. Juni 2003, siku chache baada ya PeopleSoft kutangaza kwamba inainunua J.D. Edwards, kampuni nyingine ya programu za biashara, Oracle ilijitokeza bila kualikwa na kutaka kuinunua PeopleSoft yenyewe kwa dola 16 kwa hisa. Larry Ellison, mkuu wa Oracle wakati huo, hakuficha kitu: programu za PeopleSoft zisingeuzwa tena kwa wateja wapya. Mvutano ukachukua mwaka mmoja na nusu. Wizara ya Sheria ya Marekani ilikwenda mahakamani kuuzuia ununuzi huo, ikashindwa Septemba 2004. Mkurugenzi mkuu wa PeopleSoft akatimuliwa na bodi yake mwenyewe. Mwisho wa yote bei ilifika dola 26.50 kwa hisa, jumla dola bilioni 10.3, na Januari 2005 Oracle ikatangaza kwamba watu 5,000 watapoteza kazi.

Ukiishia hapo, kesi imekwisha: Oracle ilimnunua mshindani ili imzike. Lakini PeopleSoft haikuzikwa. Miaka zaidi ya 20 baadaye, kuna vyuo vikuu na ofisi za serikali vinavyoendelea kulipa mishahara na kusajili wanafunzi kwa programu hiyo, na Oracle bado inatoa masasisho yake. J.D. Edwards ipo. Siebel, ya programu za kufuatilia mauzo na wateja, iliyonunuliwa baadaye kwa takriban dola bilioni 5.85, nayo ipo. Mwaka 2006 kampuni iliahidi kuendelea kuzihudumia bila kuwalazimisha wateja kuhama, na ahadi hiyo imeishi muda mrefu kuliko walivyotegemea wengi, nami nikiwamo.

Sababu yake si huruma. Mteja mkubwa wa programu za aina hii hununua leseni mara moja, kisha hulipa ada ya huduma kila mwaka, na ada ya Oracle imezoeleka kuwa asilimia 22 ya bei aliyonunulia leseni. Leseni ya dola 1,000,000 inaleta dola 220,000 kila mwaka. Kabla mwaka wa tano haujaisha, mteja ameilipia leseni yake upya, na ada haijakoma. Fedha hizo hazihitaji muuzaji wa kubembeleza wala tangazo. Zinakuja kwa sababu mteja akiacha kulipa, masasisho nayo yanaacha kuja. Hicho ndicho kilichokuwa na thamani pale PeopleSoft: maelfu ya mikataba iliyokwisha kusainiwa. Mnunuzi anayeiua programu anaikata mikataba hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Na mteja anapata nini? Itazame ofisi ya mishahara ya chuo kikuu cha Marekani chenye wafanyakazi 10,000. Kila mwaka viwango vya kodi ya mapato vinabadilika, kiwango cha mshahara kinachokatwa hifadhi ya jamii kinapanda, na majimbo yana kodi zao. Yote hayo lazima yawe yameingia kwenye programu na kujaribiwa kabla ya malipo ya kwanza ya Januari. Yakichelewa, watu 10,000 wanakatwa kodi isiyo sahihi. Mtu anayeandika jedwali hizo haandikwi magazetini, na kampuni inayopoteza soko hushindwa kumlipa kabla haijashindwa kulipa kodi ya pango. Oracle, kwa kuunganisha wateja wa kampuni nyingi, iliweza kuibeba gharama ya kazi hiyo isiyo na sifa. Hapa ndipo lawama nyingi zinapokosea: zinahesabu bidhaa mpya ambazo hazikuzaliwa na kusahau mishahara inayolipwa sawasawa kila mwezi.

Hofu ya Wizara ya Sheria ilikuwa kwamba soko la programu hizi lenye kampuni tatu, SAP ya Ujerumani ikiwa ya tatu, lingebaki na mbili. Mwaka huohuo wa 2005 Dave Duffield, mwanzilishi wa PeopleSoft, alianzisha Workday pamoja na Aneel Bhusri, na leo Workday inashindana na Oracle katika kazi ileile ya mishahara na wafanyakazi.

Upande wa pili una hoja nzito moja, nayo ni bei. Mteja aliyejenga taratibu zake zote juu ya programu hawezi kuhama kwa mwaka mmoja, na muuzaji anayejua hivyo hana haja ya kushusha ada. Waliojaribu kutoa huduma hiyo kwa nusu ya bei walikiona cha mtema kuni. TomorrowNow, iliyonunuliwa na SAP mwaka 2005, ilishtakiwa na Oracle, na mwaka 2010 baraza la wazee wa mahakama likaitoza SAP dola bilioni 1.3, kiasi kilichopunguzwa sana baadaye. Rimini Street nayo ilishindwa mwaka 2015. Tofauti hapa ni muhimu: mahakama ziliadhibu unakili wa programu na faili za Oracle kinyume cha hakimiliki. Kumhudumia mteja wa Oracle bila kuwa Oracle ni biashara halali, na Rimini Street bado inaifanya.

Pale ambapo hakuna ada ya kila mwaka, utetezi wangu unafika ukingoni. Oracle ilipoichukua Sun Microsystems, kampuni ya kompyuta na programu, Januari 2010 kwa dola bilioni 7.4, ilirithi pia kazi zilizokuwa zikitolewa bure. Mwaka huohuo OpenSolaris, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ilisimamishwa, na waandishi wengi wa OpenOffice, programu ya kazi za ofisini, wakaondoka kwenda kuanzisha LibreOffice inayofanana nayo. MySQL, programu ya kuhifadhi data, ilisalimika, na haishangazi, maana ina wateja wanaolipa. Hata hivyo mwanzilishi wake, Monty Widenius, alikuwa ameshaanza MariaDB, nakala yake huru, kwa tahadhari. Kwa jamii ya programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, Oracle ilikuwa mmiliki mbaya, na sioni namna ya kuipamba.

Kwa hiyo msimamizi wa ushindani anayepima ununuzi wa namna hii afanye zaidi ya kuhesabu washindani waliobaki. Aulize ada ya huduma itapanda kwa kiasi gani, na kama mteja ataruhusiwa kutafuta fundi mwingine. Wateja nao wana njia yao, na PeopleSoft yenyewe iliionyesha mwaka 2003. Ikiwa katikati ya vita, iliwapa wanunuzi wapya kifungu kinachowaahidi fidia ya kati ya mara mbili na mara tano ya bei ya leseni endapo kampuni ingenunuliwa na huduma kukatwa. Ilikuwa mbinu ya kumkatisha Ellison tamaa, lakini kwa aliyesaini ilikuwa kinga ya kweli, na kinga ya namna hiyo hupatikana siku ya kununua leseni tu, muuzaji anapokuwa bado anamhitaji mteja.