Karatasi Imetoka Ng'ambo

Nauliza kwa adabu zote za mtu mzima: barua ya mistari minne, ya kuomba ruhusa niende arusini kijiji cha Siyu, kwa nini ipande boti kabla yangu?

Mimi si mtu wa makelele. Stima ikipotea nawasha tochi ya simu. Maji yakikata nachota kisimani. Punda wakijaza kichochoro narudi nyuma mpaka daka la kwanza, nawapisha, nawapa na salamu. Lakini hii printa, jamani.

Zamani kila chumba cha ofisi kilikuwa na kiprinta chake. Kikigoma unakipiga kofi, kinaamka. Sasa bosi kaagiza moja tu, kubwa, ya leza, kila mtu achapie humo. Lori likaishusha Mokowe, gati ya bara ya kuvukia huku kisiwani kwetu. Nahodha akaitazama printa, akaitazama boti yake, akaenda zake kunywa kahawa. Basi ikabaki kwenye ghala letu huko huko bara. Bosi akasema hakuna neno, hiyo ni ya mtandao, mtachapa mkiwa papa hapa Lamu. Kweli, kuchapa tunachapa hapa. Kutoka inatoka kule.

Akaletwa fundi. Kijana mpole, shikamoo ami, marahaba mwanangu, akakalia kiti changu na chai yangu akaisogeza kando. Akaiambia kompyuta itafute printa. Ikatafuta, ikatuletea kile kiprinta cha zamani ambacho tushakitupa.

"Haiwezi kuiona, ami. Iko mtandao mwingine. Rauta ya huku na ya kule zimeunganishwa kwa VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti, njia ipo, lakini kule kutafuta hakuvuki. Lazima tuiandikie IP yake, ile anwani yake ya namba mtandaoni, kwa mkono."

"Si uiandike, mwanangu."

"Siijui. Printa yenyewe ndiyo huchapa karatasi yenye namba zake."

Tukampigia mzee wa ghala. Upepo, mashine za boti, na mtu anayeuza kitu kwa sauti.

"Mzee, bonyeza kitufe cha mipangilio."

"Kipi? Viko vingi kama vifungo vya kanzu ya kasisi."

Akabonyeza. Karatasi ikatoka, tukaisikia. Akasafisha koo, akaanza kutusomea kuanzia juu: jina la printa, namba ya kiwandani herufi kwa herufi, kurasa ilizokwisha kuchapa tangu izaliwe. Fundi anasema teremka chini, mzee anasema mimi kusoma nimefundishwa kwa mpangilio. Hatimaye akafika kwenye namba: "Mia mbili hamsini na tano. Mia mbili hamsini na tano. Mia mbili hamsini na tano. Sufuri."

"Siyo hiyo, mzee. Tafuta inayoanza na mia moja tisini na mbili."

"Mbona hamkusema? Nilishaipita." Kimya. "Na hivi vidoti, nivisome au niviache?"

Ikapatikana. Fundi akaiandika mahali pa kile kiprinta cha zamani, akachagua poti 9100, mlango wa kupitishia kazi za kuchapa, kisha kompyuta ikataka draiva, programu ya kuielewesha lugha ya printa. Draiva haimo. Ikashushwa kwa bando langu, la mwezi mzima, nikilitazama likienda. Akabonyeza karatasi ya majaribio.

"Imetoka!" mzee akapiga kelele. Ofisi nzima tukapiga makofi. "Na nyingine inatoka. Na nyingine. Hee, nyie, hii haikomi!"

Kumbe kila mtu humu alikuwa akibonyeza chapa kupitia kompyuta yangu tangu mwanzo wa wiki, na kazi zote zilikuwa zimekaa kwenye foleni zikingoja. Njia ilipofunguka zikamiminika pamoja. Na mzee wa ghala, kwa kuwa sasa kusoma kumemnogea, akaniambia simuni, mbele ya abiria wote wa gati: "Hii yako. Eti arusi ya binamu. Na ya mwezi uliopita ilikuwa ya nani?"

Nikakata simu kwa heshima.

Usiku stima ikapotea, asubuhi ikarudi, na printa haipatikani tena. Fundi anasema rauta imeipa namba mpya. Yaani printa imehama nyumba usiku bila kuaga, na kompyuta yangu inabisha hodi kule kule kwa zamani. Dawa, asema, ni kuifungia namba moja kwenye rauta. Nani wa kuifungia? Mwenye pasiwadi. Mwenye pasiwadi yuko wapi? Likizo! Huyo ruhusa aliichapia wapi?

Barua yangu bado iko Mokowe. Niifuate kwa boti, niirudishe kwa bosi atie sahihi. Na boti haiondoki mpaka ijae, nawe unachomwa na jua ubavu mmoja, nahodha anaapa amebakiza mtu mmoja, ambaye sijui amemwona wapi.

Tena gatini huna hata cha kujiliwaza. Hamri lilikuwa likijaza kiganja, leo ni tonge moja. Mbaazi ni mchuzi mtupu, unazitafuta kwa kijiko. Nikamuuliza mama muuzaji, akasema nazi imepanda. Nazi! Lamu! Minazi ile pale nyuma ya mji, twaiona! Imepanda kwa sababu gani? Eti dizeli. Mnazi tangu lini ukanywa dizeli?