Dakika Tatu za Dereva, Saa Tatu za Abiria: Ulegevu wa Sheria za Maegesho Unamnufaisha Nani?

Gari moja lililoegeshwa katika njia ya mabasi, taa zake za dharura zikiwakawaka, huonekana kuwa kosa dogo lisilostahili kugombanisha watu. Dereva ameingia dukani na atarudi baada ya dakika tatu. Nyuma yake, basi lenye abiria 60 limesimama likisubiri mwanya wa kuhamia njia ya pili, na likipoteza dakika hizo tatu, muda wote uliopotea kwa watu waliomo ndani ni dakika 180, yaani saa tatu kamili, ambazo mtu mmoja amezitumia ili kujiepusha na mwendo wa hatua chache. Hesabu hiyo haimo katika faini yoyote wala haionekani machoni pa dereva. Ndiyo maana mjadala wa maegesho haramu huanza ukiwa umepinda: anayenufaika anajijua na anaweza kujitetea, ilhali wanaoumia ni wengi, wametawanyika, na kila mmoja ameumia kiasi ambacho hakimpi sababu ya kwenda kulalamika popote.

Wapo ambao kwao maumivu hayo si kidogo hata chembe. Anayetumia kiti cha magurudumu akikuta gari limepanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, hawezi kupita ubavuni. Ama atashuka barabarani, ikiwa ukingo unamruhusu kushuka, ayakabili magari yanayomjia, ama atarudi alikotoka. Asiyeona, aliyeizoea njia hiyo kwa fimbo yake nyeupe, hugonga bati mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Gari lililosimama karibu na kivuko humficha mtoto hadi atakapokuwa ameshakanyaga lami. Tena gari la zimamoto ni pana na linahitaji nafasi kubwa ya kukata kona, kwa hiyo linaweza kukwama katika mtaa ambao magari madogo yanapita kila siku bila shida, na wakazi wasijue kwamba mtaa wao umezibwa mpaka siku nyumba itakaposhika moto.

Hata hivyo wanaotetea ulegevu, ambao si wote ni madereva wakaidi, wana hoja ya kusikilizwa kwa makini. Wanasema kwamba mji huohuo unaomtoza faini dereva wa gari la mizigo ndio ulioruhusu maduka, ofisi na majengo ya makazi yajengwe bila kutengewa hata nafasi moja ya kupakulia. Bidhaa lazima zifike, na kadiri watu wanavyozidi kuagiza vitu kupitia mtandao, ndivyo vituo vya kushusha vifurushi vinavyoongezeka katika kila mtaa. Dereva aliyepewa orodha ndefu ya wateja na muda usiotosha hana pa kusimama kihalali, na faini anayoandikiwa wakati mwingine hukatwa katika ujira wake, si katika faida ya aliyempangia ratiba. Kumwadhibu mtu kwa kutofanya jambo lisilowezekana ni dhuluma, hata kama kifungu cha sheria kimeandikwa kwa ufasaha.

New York ilijaribu kulikabili tatizo hili kwa njia yake. Kwa miaka mingi jiji hilo lilikuwa na mpango ulioyapunguzia makampuni ya usafirishaji faini zake za maegesho, mengine yakifutiwa kabisa baadhi ya makosa, kwa sharti kwamba yasipinge tiketi, yaani hati za faini, mbele ya mahakimu wa jiji. Mpango huo ulikiri ukweli mmoja muhimu, kwamba magari ya mizigo yatasimama hata yakikatazwa. Kwa maoni yangu, kosa lake ni kwamba uligeuza adhabu kuwa bei ya jumla: mwenye magari mengi akapata punguzo, mwenye gari moja akalipa kiasi kizima.

Hoja nyingine ya upande huo inahusu fedha. Mwaka 2008 Chicago iliyakodisha maegesho yake ya kulipia kwa mita kwa wawekezaji kwa miaka 75, na kupokea takribani dola bilioni 1.15 kwa mkupuo mmoja. Viwango vya malipo vikapanda kwa kasi, na jiji likajikuta likiwajibika kuwafidia wawekezaji hao kila linapoondoa au kufunga nafasi za maegesho. Mwananchi anayeona mambo kama hayo ana haki ya kushuku kwamba mlinzi wa maegesho anatafuta mapato na si usalama wake. Shaka hiyo huwa kubwa zaidi pale ambapo askari anaweza kuchagua kati ya kuandika faini na kupokea chochote mkononi.

Nakubali uzito wa hoja hizi. Nisichokubali ni hitimisho linalotolewa kwazo, kwamba basi afadhali sheria ilegezwe. Kanuni iliyoachwa ilale haimhurumii mnyonge. Humpa nafasi yule anayejua kwamba hatakamatwa, au kwamba akikamatwa ana wa kumpigia simu. Mchumi Gary Becker, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, alisimulia kwamba wazo lake la kuchambua uhalifu kwa hesabu za kiuchumi lilimjia siku alipokuwa amechelewa kwenda kumtahini mwanafunzi, akapima kati ya kulipia maegesho ya mbali na kusimamisha gari barabarani kinyume cha sheria huku akibahatisha kutokamatwa. Akabahatisha. Alikuwa mtu muungwana, na hilo ndilo linalonigusa katika kisa chake: kosa hili hufanywa na watu wa kawaida wanaopima uwezekano wa kukamatwa, na wanaupima vizuri.

Ushahidi ulio wazi zaidi ninaoufahamu unatoka tena New York. Kati ya Novemba 1997 na mwisho wa mwaka 2002, wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa walilimbikiza zaidi ya tiketi 150,000 za maegesho zisizolipwa, kwa kuwa kinga yao iliwaweka nje ya mkono wa jiji. Wachumi Raymond Fisman na Edward Miguel walipozichunguza rekodi hizo, walikuta kwamba wawakilishi wa nchi kama Sweden na Norway hawakuwa na tiketi hata moja isiyolipwa, ilhali wengine walikuwa na makumi kwa kila mwanadiplomasia, jambo linaloonyesha kuwa maadili yana nafasi yake. Lakini mwishoni mwa mwaka 2002 jiji liliporuhusiwa kuwanyang'anya wadaiwa namba za usajili za kidiplomasia, makosa yalishuka kwa takribani asilimia 98. Watu walikuwa walewale na mitaa ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba matokeo yalikuwa ya hakika.

Kwa sababu hiyo sivutiwi na adhabu za kishindo. Mwaka 2011 Artūras Zuokas, meya wa Vilnius nchini Lithuania, alirekodiwa akiliponda kwa gari la deraya gari la kifahari lililoegeshwa katika njia ya baiskeli, katika tukio lililoandaliwa mahususi. Dunia ilishangilia, lakini deraya haliwezi kupita kila mtaa kila asubuhi. Mnyororo wa gurudumu nao una kasoro ambayo haisemwi vya kutosha: gari linaloziba njia likifungwa mnyororo, litaendelea kuiziba hadi mwenyewe atakapolipa, na waliokuwa wakiumia wataumia kwa muda mrefu zaidi. Kifaa hicho kinamfaa mdaiwa sugu. Njia iliyozibwa inahitaji gari livutwe.

Japani ilichagua kuanzia mbali zaidi. Tangu miaka ya 1960 sheria yake inamtaka mnunuzi wa gari, katika maeneo mengi, athibitishe kwanza kwamba ana mahali pa kuliegesha nje ya barabara, na sasa mahali hapo hapaswi kuwa zaidi ya kilomita mbili kutoka anakoishi. Mwaka 2006 ikaongeza walinzi wa makampuni binafsi waliopewa kazi ya kunakili makosa, na ikaweka utaratibu wa kumdai mwenye gari pale dereva asipojitokeza. Si kila mji unaweza kuiga utaratibu huo, hasa ambako magari yameshatangulia sheria. Bado unafundisha kwamba swali la mahali pa kuegesha linaweza kuulizwa kabla gari halijanunuliwa.

Mji ulioacha mambo kwa miaka mingi, kwa mtazamo wangu, uanze kwa kutenganisha makosa kulingana na madhara yake. Njia ya waenda kwa miguu, kivuko, njia ya mabasi na mlango wa magari ya dharura visiwe na msamaha wa dakika hata moja, na inapowezekana vilindwe kwa vigingi, kama Enrique Peñalosa alivyofanya Bogotá alipokuwa meya kati ya 1998 na 2000, hatua iliyomletea upinzani mkali hadi kukawa na juhudi za kumwondoa madarakani. Kwa aliyepitiliza muda wake katika nafasi halali, onyo na faini ndogo vinatosha. Sehemu za kushushia mizigo zichorwe na zianze kutumika kabla msako haujatangazwa, ili dereva wa mizigo atakayeandikiwa faini awe kweli alikuwa na pa kusimama. Na siku gari la kuvuta litakapoingia mtaani kwa mara ya kwanza, lianze na magari ya serikali na ya polisi yaliyoegeshwa juu ya njia za waenda kwa miguu, kwa kuwa hayo ndiyo ambayo kila mpita njia ameyaona hapo kwa miaka yote bila kuguswa.